Vikundi vya Utafiti wa Taaluma Mbalimbali mjini Lubumbashi na Suala la Lugha (1946–2006)

1. Utangulizi

Utafiti ukitajwa katika vyuo vyetu vikuu, wengi wetu humfikiria mtu mmoja aliyejifungia na vitabu vyake akitayarisha tasnifu. Lakini maswali ambayo serikali, mji au kampuni hutaka yajibiwe hayakai ndani ya taaluma moja. Mtu akiuliza kwa nini watoto wa mtaa fulani hawaendi shule, atamhitaji mwanauchumi apime mapato ya wazazi, mwanasosiolojia aeleze jinsi jamaa inavyogawana kazi, daktari aseme habari za chakula na maradhi, mwanasheria afafanue haki za mtoto, na mwanahistoria akumbushe shule hiyo ilijengwa na nani na kwa nia gani. Ndiyo sababu mahali pengi duniani viliundwa vikundi vya watafiti wa taaluma mbalimbali, wakae meza moja na kuandika ripoti moja itakayowasaidia watawala kuamua.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa ufupi, historia ya vikundi vya namna hiyo katika mji wa Lubumbashi, tangu mwaka 1946 hadi mwaka 2006. Tumeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu uliozaliwa mwaka 1910 pamoja na migodi ya shaba umevutia watafiti wengi mno, wa nje na wa ndani. Pili, ni mji ambao wenyeji wake, ijapokuwa walitoka pande nyingi, wamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kazini. Sehemu hizi mbili za historia, yaani ya utafiti na ya lugha, kwa kawaida huandikwa mbali mbali. Sisi tunataka kuziandika pamoja.

Hoja yetu ni hii: katika muda wa miaka sitini, vikundi vilivyouchunguza mji viliwauliza watu kwa Kiswahili na kuandika majibu kwa Kifaransa. Tofauti hiyo haikuwa jambo dogo la tafsiri. Katika kila kipindi ndiyo iliyoamua ni nani ataweza kuutumia utafiti, na ni nani atabaki kuwa kitu kinachochunguzwa.

2. Kituo cha mwaka 1946: meza ya watawala

Kikundi cha kwanza cha namna hii kilitangulia chuo kikuu chenyewe kwa miaka kumi. Mwaka 1946, mara baada ya vita, liliundwa mjini Elisabethville shirika lililoitwa Centre d'étude des problèmes sociaux indigènes, yaani kituo cha kuchunguza matatizo ya jamii ya wenyeji. Kwa kifupi kiliitwa CEPSI. Mwaka ule ule kilianza kutoa jarida lake.

Ili tukielewe kituo hiki yafaa tukumbuke hali ya mji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, hapo mwanzo iliajiri watu wa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambao walikaa miezi michache na kurudi kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi, aoe, azae na kulea watoto kambini. Watu waliletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na sehemu nyingine za Katanga. Nje ya kambi, serikali iliunda mwaka 1932 mji wa Waafrika uliowekwa chini ya utawala wake wa pekee, ukaitwa centre extra-coutumier, kwa maana ya mahali palipo nje ya utawala wa kimila. Watu hawa wote, wasioelewana kwa lugha za kwao, walikutana katika Kiswahili. Baada ya vita idadi yao ilizidi kukua, na maswali yakawa mengi: mshahara, nyumba, ndoa, ulevi, vijana wasio na kazi, shule.

Ndipo walipokutana ndani ya CEPSI maofisa wa serikali, madaktari, mahakimu, wamisionari na wakubwa wa makampuni. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Ferdinand Grévisse, ofisa wa utawala, ambaye mwaka 1951 alichapisha uchunguzi mrefu juu ya mji huo wa Waafrika wa Elisabethville. Atakayeusoma leo ataona ya kuwa si kazi ya kudharauliwa. Maisha ya mjini, makazi, matumizi ya pesa na utawala vimetazamwa kwa pamoja, jambo ambalo mtaalamu wa fani moja peke yake asingeliweza.

Nguvu ya kituo hicho ilikuwa katika ukaribu wake na wenye amri. Waandishi na wasomaji wa jarida walikuwa watu wa duara moja. Daktari wa kampuni akiandika juu ya chakula cha mfanyakazi, mwenye kupanga posho alikuwa jirani yake. Kwa hiyo utafiti uliweza kugeuka haraka kuwa amri. Lakini udhaifu wake ulitoka mahali hapo hapo. Swali lilitungwa na mtawala kwa haja ya mtawala, nalo lilikuwa daima lile lile: tufanye nini ili mfanyakazi atulie, azae, asiugue, asigome? Yeye mwenyewe, ambaye maneno yake ya Kiswahili ndiyo yaliyokuwa chanzo cha habari, hakuwa miongoni mwa wale waliotarajiwa kusoma jibu.

Tukumbuke pia ya kuwa Kiswahili hakikuachwa kijiendee chenyewe katika utawala wa wakati ule. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi kati ya 1880 na 1938 lugha hii ilivyoandikiwa vitabu vya msamiati na sarufi ambavyo vilimfundisha Mzungu kuamuru zaidi kuliko kuzungumza. Kituo cha 1946 kilirithi mazoea hayo. Kiswahili kilikuwa njia ya kushukia kwa watu, wala hakikufikiriwa kuwa njia ya watu kupandia.

3. Chuo kikuu na wataalamu wa lugha

Chuo kikuu kilifungua milango yake Elisabethville mwaka 1956. Hapo vikundi vya utafiti vilipata wenyeji wapya, yaani walimu na wanafunzi. Vyuo vikuu vya Ubelgiji navyo vilikuwa na mashirika yao ya utafiti: Chuo Kikuu cha Liège kilikuwa na FULREAC, iliyoleta Katanga wataalamu wa fani tofauti.

Miongoni mwa walimu wa kwanza alikuwa Mbelgiji Edgar Polomé, mtaalamu wa isimu. Yeye alikitazama Kiswahili cha mji huu kama lugha inayostahili kuelezwa kwa kanuni zake zenyewe, wala si kama Kiswahili cha pwani kilichoharibika. Makala yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, yaliyotoka mwaka 1968, yangali yanasomwa. Wakati huo alikwisha kuhamia Marekani, na kutoka huko aliitwa kuongoza upande wa Tanzania wa uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Uchunguzi huo, uliogharimiwa na Ford Foundation, ulikuwa wa taaluma mbalimbali kweli kweli, kwa maana uliwakutanisha wataalamu wa isimu, wa elimu na wa jamii. Katika Tanzania kazi ya mitaani ilifanyika 1969 na 1970. Kitabu kilitoka mwaka 1980, kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo kumi serikali ya Tanzania ilikuwa imekwisha kuamua mambo mengi juu ya Kiswahili bila kukingoja. Tumetaja habari hii ili isidhaniwe kuwa ugonjwa tunaousema ni wa Kongo peke yake.

Tukirudi Lubumbashi, mwaka 1971 ulileta badiliko kubwa. Vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na vitivo vya sayansi ya jamii na vya fasihi na lugha vikakusanywa Lubumbashi. Kwa miaka kumi, mpaka chuo hicho kilipogawanywa tena mwaka 1981, mwanahistoria, mwanasosiolojia, mwanaanthropolojia na mwanaisimu walikuwa majirani katika kampasi moja. Kituo cha isimu, CELTA, kilikuwa kikichapisha kazi zake. Wanahistoria walikuwa na jarida la Likundoli. Kile kituo cha 1946 nacho kiliendelea kuishi kwa jina jingine, na jarida lake likabadili jina pamoja na nchi, likawa la matatizo ya jamii ya Kongo, kisha ya Zaire. Mwezi wa Mei 1974 wataalamu wa isimu wa nchi nzima walifanya semina yao ya kwanza mjini humu, wakajadili nafasi ya lugha za taifa katika shule.

Ilikuwa nafasi ya pekee. Hata hivyo mpangilio wa vituo ulifuata taaluma. Mwenye kuchunguza lugha alikuwa na kituo chake, na mwenye kuchunguza mshahara alikuwa na chake. Mwanaisimu alikieleza Kiswahili, na mwanasosiolojia alikitumia. Lakini swali la katikati, yaani neno lile aliloulizwa mama wa Katuba lilikuwa na maana gani kwake kabla ya kugeuzwa kuwa tarakimu, halikuwa na kituo.

4. Mji uliojieleza wenyewe

Lingekuwa kosa kudhani ya kuwa wakati huo wote wenyeji walikaa kimya wakingoja kuulizwa. Mifano miwili itatosha.

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, waliokuwa wapishi na maboi wa Wazungu, kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mwandishi wake alikuwa André Yav. Humo kuna habari za mwanzo wa mji, za mishahara, za jinsi mabwana walivyowatendea watumishi, na za vita na uhuru. Andiko hili lilizungushwa kwa nakala za mashine ya kuandikia bila kupita mikononi mwa kituo chochote cha utafiti. Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na Walter Schicho akalifanyia ufafanuzi wa lugha. Tukiliweka karibu na uchunguzi wa Grévisse tunaona maandiko mawili juu ya mji mmoja na takriban watu wale wale. Moja liliandikwa kwa ajili ya kuwatawala, la pili kwa ajili ya kukumbuka. Yale maswali ya posho, nyumba na haki yamo katika yote mawili, ila katika la pili yanaulizwa na yule ambaye katika la kwanza alikuwa mwulizwa.

Mfano wa pili ni kundi la michezo ya kuigiza la Mufwankolo, lililojulikana sana katika redio na televisheni ya mji. Kwa Kiswahili cha kila siku kundi hili lilicheza habari za baba anayemaliza mshahara kabla ya mwezi kwisha, za ndugu wasioondoka nyumbani, za mkubwa anayetaka kuheshimiwa bila kutenda. Mwaka 1981 Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha maandishi ya michezo hiyo. Msomaji wa leo anaona humo mjadala kamili juu ya bajeti ya nyumba na juu ya mamlaka. Tofauti na ripoti za wataalamu ni kwamba mjadala huu ulisikika siku ile ile katika nyumba za wale uliowahusu.

5. Kuanguka kwa kampuni na kuzaliwa kwa kikundi kipya

Miaka ya 1990 ilivunja karibu kila kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa. Ubelgiji ulidai uchunguzi, serikali ya Mobutu ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukakatika. Vyuo vikuu vilipoteza vitabu, fedha na wageni kwa wakati mmoja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mgodi wa Kamoto, uliokuwa nguzo ya Gécamines, uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Mfanyakazi aliyezoea kuiona kampuni kama baba na mama alibaki bila mshahara na bila posho, na mke na watoto wakawa ndio wanaolisha nyumba. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu ameyaandika mabadiliko hayo ya mamlaka nyumbani katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Ushirikiano wa vyuo vikuu ulipoanza tena mwishoni mwa miaka hiyo, kulizaliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwenye mwaka 2000, Observatoire du changement urbain, yaani kituo cha kuangalia mabadiliko ya mji. Vyuo vikuu vya Ubelgiji vinavyotumia Kifaransa vilisaidia. Hapa tunakutana na kikundi cha taaluma mbalimbali kwa maana yake kamili: historia, anthropolojia, sosiolojia, uchumi na nyinginezo, safari hii chini ya paa la chuo kikuu na pamoja na watafiti waliokuwa wenyewe watoto wa mji. Kazi zilifuatana upesi. Mwaka 2003 kilitoka Paris kitabu juu ya kaya za Lubumbashi kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Pierre Petit. Mwaka 2004 kilifuata Brussels kitabu juu ya chakula. Mwaka 2006 Nkuku Khonde na Marcel Rémon walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kaya 14,000 juu ya njia za kuishi mjini. Sambamba na hayo, mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ulioongozwa na Dibwe na Bogumil Jewsiewicki, uliwakaribisha wenyeji walete masimulizi, picha na vyombo vyao katika maonyesho, na hivyo Kiswahili kilisikika mahali ambapo zamani kilikuwa habari tu ya kukusanywa.

Ikilinganishwa na kituo cha 1946, hatua ni kubwa. Swali halikuwa tena namna ya kumtuliza mfanyakazi, bali namna watu wanavyoishi wakati kazi imekwisha. Na lugha ilianza kuonekana. Kitabu cha 2004 kinaitwa Byakula, kwa matamshi ya mji wenyewe, wala si vyakula kama tunavyoandika katika Kiswahili sanifu. Waliochagua jina hilo walijua ya kuwa chakula cha Lubumbashi, pamoja na bukari yake, hakielezwi vema na neno la mbali. Hata hivyo, baada ya neno hilo moja la jaladani, msomaji anaingia katika kitabu cha Kifaransa.

Na mwaka 2003 si mwaka wowote tu. Ndio mwaka ulioanza mpango wa kuwaondoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000, kwa jina la kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwaka ule ule, basi, kilikuwepo kitabu kinachoeleza nyumba za Lubumbashi zinaishije mshahara ukikatika, na walikuwepo maelfu ya watu waliokabiliwa na swali hilo hilo, wakiwa na fedha za mara moja mkononi. Lakini kitabu na watu hawakuwa katika lugha moja.

6. Maneno matatu mlangoni

Hapa mwanaisimu ataulizwa: je, haitoshi karatasi ya maswali kutafsiriwa vizuri? Tuangalie maneno matatu ambayo hayakosi katika uchunguzi wowote wa nyumba.

La kwanza ni kazi. Katika mji uliojengwa na kampuni, kazi ni ile yenye mwajiri, mshahara, na zamani posho, nyumba na hospitali. Kitendo chake katika Kiswahili cha Lubumbashi ni kutumika, neno ambalo pwani lina maana nyingine. Mama anayeuza makaa tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, akiulizwa kama ana kazi, ataweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba hana. Katika jedwali ataandikwa kuwa hana shughuli, hali yeye ndiye anayelisha watu wanane.

La pili ni jamaa. Wataalamu wanataka kuhesabu kaya, yaani wale wanaokula chungu kimoja. Lakini kaya ni neno la vitabuni ambalo mitaani mwetu halizungumzwi. Mwulizaji atasema jamaa. Neno hili mjini mwetu linabeba ukoo mzima, hata limekuwa jina la mwendo wa dini ulioanzishwa Katanga na padri Placide Tempels katika miaka ya 1950. Ukimwuliza mtu jamaa yake ni watu wangapi, huenda akamhesabu shangazi aliye Likasi na ndugu aliye Kamina, au akamwacha mpangaji anayekula naye kila siku.

La tatu ni mwenye nyumba. Karatasi ya Kifaransa inamtaka mkuu wa kaya. Mpangaji akisikia mwenye nyumba atamfikiria yule anayepokea kodi, na atamjibu mwulizaji kwamba anakaa mtaa mwingine.

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa miguu kabla ya kuyajua kwa vitabu. Tulipokuwa wanafunzi wa licence, tuliajiriwa na kikundi kimoja cha utafiti kuzunguka Katuba na karatasi za Kifaransa. Tafsiri ilikuwa juu ya kila mmoja wetu, papo hapo mlangoni. Jioni tulipolinganisha, tuliona kwamba watano tulikuwa tumeuliza swali moja kwa namna tano. Tulimwambia msimamizi. Alijibu kwamba karatasi zimekwisha kuchapwa, tuendelee. Tukaendelea, na sahihi zetu ziko chini ya karatasi zile. Mwaka uliofuata nilipita tena katika njia moja ya mtaa huo, na mama mmoja mzee akanitambua. Aliniambia: “Mwana, ile mulisha kuandika, iko wapi?” Sikuwa na la kumwambia. Ripoti ilikuwepo, hata mimi nilikuwa nimeiona, lakini haikuwa na ukurasa mmoja ambao ningeliweza kumsomea yeye akausikia.

7. Hitimisho

Tukitazama nyuma, tunaona vipindi viwili vinavyopingana. Kituo cha 1946 kilikuwa na sikio la serikali na la kampuni, lakini waliochunguzwa hawakuwa na neno ndani yake. Kikundi cha mwaka 2000 kilikuwa na watoto wa mji, kilikuwa na maswali mazuri zaidi, lakini upande wa pili wa meza serikali haikuwa na fedha wala kampuni haikuwa na nguvu. Wasomaji wake walibaki kuwa wataalamu wenzake, wa hapa na wa ng'ambo. Lugha ya ripoti haikubadilika, ijapokuwa yule ambaye lugha hiyo ilichaguliwa kwa ajili yake alikuwa amekwisha kuondoka mezani.

Kutokana na hayo tunapata maoni yetu. Wengi hudhani kwamba kuandika kwa Kiswahili ni heshima tunayoipa lugha ya taifa, jambo jema la kufanyika siku fedha zikizidi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na wengine huona hilo latosha. Historia tuliyoieleza inafundisha jambo jingine. Sera ya umma haitekelezwi na wizara peke yake. Katika mji ambao dola imekuwa mbali, watu wenyewe ndio wanaoamua kila siku mtoto yupi ataenda shule, fedha za kuondolewa kazini zitumiwe nini, na maji yatafutwe wapi. Wao ndio wenye kuamua, kwa hiyo wao ndio wanaostahili kupelekewa ripoti.

Mambo matatu yangeweza kufanywa bila kungoja mfadhili. Karatasi ya maswali itungwe kwanza kwa Kiswahili cha mji, mwanaisimu akiwa mezani tangu siku ya kwanza, ndipo igeuzwe kwa Kifaransa. Majibu yahifadhiwe kwa maneno yaliyosemwa, si kwa tarakimu peke yake. Na kila ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa katika mtaa ulioulizwa, mbele ya watu, nao wapewe nafasi ya kuukosoa. Jambo hili la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu litatulazimisha kuandika mambo ambayo wenyewe waliotuambia wanaweza kuyapima.

Idara zetu za Kiswahili zimezoea kulalamika kwamba hazialikwi katika vikundi vya utafiti. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini tuyaseme na yetu: nasi tumekaa muda mrefu tukisahihisha ngeli, wakati karatasi zikizunguka Katuba na Kenya na Ruashi bila mtu wa kuuliza kazi ni nini. Yule mama hakuniuliza kwa nini nimesema jamaa badala ya kaya. Aliuliza maandishi yako wapi. Wanaoanza uchunguzi mwaka huu wanaweza kumwandalia jibu kabla hawajabisha hodi.